Mgongo Kabla ya Mikono

Jioni ya tarehe 16 Februari 2009, katika ukumbi wa XL Center mjini Hartford, jimbo la Connecticut, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akitimiza miaka 22 siku ile ile aliingia uwanjani, wala hapakuwa na mchezaji aliyemfikia kimo. Hasheem Thabeet alikuwa na urefu wa mita 2.21, chuo kikuu chake, Connecticut, kilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya timu bora za vyuo vya Marekani, na katika shirikisho lao la Big East yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa kuhofiwa kuliko wote, kwa kuwa mitupo iliyoelekea kikapuni aliipangusa hewani kwa kiganja kabla haijafika. Mpinzani aliyesimama naye kifua kwa kifua, DeJuan Blair wa chuo kikuu cha Pittsburgh, alikuwa na mita 2.01 tu, kimo ambacho mitaani kwetu ni ajabu, lakini kwa mtu wa kucheza chini ya kikapu huhesabiwa ufupi. Mchezo ulipokwisha Pittsburgh ilikuwa imeshinda 76 kwa 68, nayo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiangusha timu iliyoshika nafasi ya kwanza nchini. Blair aliandikiwa pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet aliandikiwa pointi 5 na ribaundi 4.

Wengi wa kwetu wanaoikumbuka jioni ile hukumbuka jambo moja tu: katika purukushani ya kugombea mpira mikono ya mabwana hao ilinasana, na Thabeet, pamoja na urefu wake wote, akapinduka juu ya bega la Blair akaanguka sakafuni. Anguko lile lilirudiwa mara nyingi katika televisheni za Marekani. Mimi silitaji ili kulisifu, kwani ilikuwa ajali ya viungo vilivyofungana, na kumwangusha mtu si ufundi. Ninalolitaka ni lile lililotendeka kabla ya anguko na baada yake, kwa muda wa dakika arobaini, pasipo mtangazaji kupaza sauti wala mtazamaji kupiga makofi: ya kwamba mpira ulipopaa, macho ya uwanja mzima yakaufuata, Blair hakushughulika na mpira. Alishughulika na mtu. Alimtafuta, akamfikia, akamwekea nyonga, akamgeuzia mgongo, na ndipo alipoinua uso kuuliza mpira umekwenda wapi.

Kazi hiyo vijana wa viwanja vyetu huiita kuboksi, nami nitalishika jina hilo, maana ndilo linalotumika na kila mchezaji hulielewa. Ribaundi, kama ajuavyo msomaji, ni mpira uliokosa kikapu ukarudi kutoka katika ringi au katika ubao, ukawa haujawa wa mtu mpaka upate mikono ya kuukamata. Kuboksi ni kumtangulia mpinzani katika nafasi iliyo baina yake na kikapu, kumgeuzia mgongo, kumgusa kwa mwili ili ijulikane alipo pasipo kumtazama, na kumzuia asipite kwa nguvu ya miguu mpaka mpira uteremke. Si jambo la kurukaruka. Aghalabu si jambo la kupendeza machoni. Lakini katika mpira wa kikapu wa vyuo, ambapo vijana wengi hawajafika ukamilifu wa kulenga na mpira unaokosa kikapu ni mwingi kuliko unaoingia, sijui elimu nyingine iliyo rahisi kufundishwa, ngumu kudumishwa, na yenye kuamua mambo makubwa kama hiyo.

Na tuitazame kwa karibu. Mpira unapotoka katika vidole vya mtupaji, mlinzi ana sekunde moja, labda moja na nusu, kabla haujagonga ringi. Katika muda huo mfupi tabia ya asili humwamuru augeukie mpira, kwa kuwa jicho la mwanadamu hufuata kilicho hewani. Na elimu yote ya kuboksi huanza kwa kuikataa amri hiyo. Mlinzi humtazama mtu wake. Humwendea hatua moja, badala ya kumngoja. Humgusa kifuani kwa mkono uliokunjwa ili ajue anaelekea upande gani. Kisha huzunguka kwa unyayo mmoja, kama mlango unavyozunguka katika bawaba yake, hata makalio yake yakawa juu ya mapaja ya mpinzani. Hapo hukaa. Nasema hukaa kwa maana yake halisi, magoti yamekunjwa na nyayo zimetanuka kupita upana wa mabega, mfano wa mtu anayetaka kuketi juu ya kigoda kilichoondolewa. Viwiko huwa wazi usawa wa mabega, viganja vimeelekea juu, shingo imenyanyuka. Mrefu aliye nyuma yake, hata awe na mikono ya kufika darini, hawezi kuruka vema, kwa sababu anayetaka kuruka sharti kwanza akunje magoti, na mahali pa kukunjia magoti yake pamekwisha kuchukuliwa na makalio ya mtu mwingine.

Hiyo ndiyo siri ambayo wengi hawaitambui: kuboksi hakupunguzi urefu wa mtu, bali humnyang'anya ardhi anayorukia. Na sheria ya mchezo iko upande wa aliyetangulia. Kila mchezaji ana haki ya mahali aliposimama kihalali, na haki hiyo hupanda wima pamoja naye anaporuka. Aliye nyuma akimparamia au akimsukuma, faulo ni yake. Wa mbele naye amewekewa mipaka, maana hana idhini ya kumkumbatia mwenziwe kwa mikono iliyorudishwa nyuma, wala kumsukuma kwa makalio mpaka amtoe alipokuwa. Baina ya mipaka hiyo miwili pana nafasi nyembamba ya kazi halali, na mabingwa wa ribaundi huishi humo.

Katika kumbi za mazoezi za vyuo limo zoezi moja la zamani ambalo halihitaji kikapu. Mpira huwekwa chini katikati ya duara la uwanja, ukatulia hapo. Vijana wawili huingia. Mmoja huupa mpira mgongo kwanza, amemwelekea mwenziwe, naye mwenziwe amesimama nje ya mstari. Kipenga kinapolia wa nje hujaribu kuufikia na kuugusa, na wa ndani hugeuka, humwekea mgongo, humzuia. Sekunde tatu; pengine tano. Asiyepata kuliona zoezi hili hudhani sekunde tano si kitu. Viatu hulia juu ya mbao, pumzi hukatika, fulana huloa. Wa nje huzunguka kulia, akazibwa, huzunguka kushoto, akazibwa tena. Wa ndani haoni chochote ila ukuta ulio mbele yake, lakini kwa mgongo wake anajua kila unyayo wa mwenziwe unapokanyaga, kama kipofu ajuavyo njia ya nyumbani kwake. Na katikati ya jasho lote hilo mpira umetulia, haukudunda hata mara moja. Sioni namna iliyo wazi zaidi ya kumwonyesha kijana ya kuwa ribaundi haianzi mpira unapogonga ringi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika michezo ya vyuo vya Marekani zaidi ya nusu ya mitupo ya kawaida haiingii, na mitupo ya pointi tatu hukosa kikapu karibu mara mbili katika kila tatu. Timu iliyolinda vizuri kwa sekunde zote 30 za saa ya mashambulizi, ikambana mshambuliaji hata akatupa vibaya, bado haijapata kitu. Imepata mpira usio na mwenyewe hewani tu. Wakiuokota wapinzani, saa hurudishwa hadi sekunde 20 na taabu huanza upya, tena huanza kwa walinzi waliochoka, waliotawanyika, walioamini kwamba kazi imekwisha. Mtupo wa pili baada ya ribaundi ya ushambuliaji mara nyingi hutoka chini kabisa ya kikapu, mahali ambapo hata asiye mlengaji huweza kufunga. Ndiyo sababu makocha wa vyuo huihesabu ribaundi iliyoachwa kuwa hasara mara mbili: umekosa chako, na umempa adui bora kuliko alichokuwa nacho.

Kadhalika umbali wa mtupo una hukumu yake. Mpira uliotupwa kutoka mbali hurudi mbali, na uliotupwa kutoka pembeni aghalabu huangukia upande wa pili wa kikapu. Tangu mstari wa pointi tatu ulipoingizwa katika mchezo wa wanaume wa vyuo vyote msimu wa 1986–87, ribaundi nyingi zimeacha kuwa mali ya wale warefu wawili wa chini ya kikapu. Huruka juu ya vichwa vyao na kuangukia mikononi mwa vijana wadogo wa nje. Mlinzi mfupi asiyeboksi kwa kudhani kwamba kazi hiyo ni ya majitu hukuta mpira ukianguka mbele ya mtu aliyepaswa kumzuia.

Historia ya mashindano ya vyuo imehifadhi usiku wa fainali ya tarehe 4 Aprili 1983, mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Houston ilikuwa na Clyde Drexler na kijana wa Lagos, Hakeem Olajuwon. North Carolina State, ya kocha Jim Valvano, haikutarajiwa na wengi kufika hapo, sembuse kushinda. Pointi zilikuwa 52 kwa 52 na sekunde za mwisho zikiyoyoma. Dereck Whittenburg alitupa mpira kutoka mbali sana, ukawa mfupi, haukufika hata katika ringi. Chini ya kikapu alisimama Lorenzo Charles, hana mgongo hata mmoja uliomgusa. Aliudaka mpira hewani akaukandamiza kikapuni kwa mikono miwili, na muda ukaisha: 54 kwa 52. Olajuwon alikuwa amekwisha kupata pointi 20 na ribaundi 18 usiku ule, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo ilhali timu yake ilishindwa. Ribaundi 18 za mtu mmoja hazikufidia ule mgongo mmoja uliokosekana.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa karibu, nao niliuona kwa macho yangu katika televisheni. Nusu fainali ya mwaka 2017 ilichezwa Glendale, jimbo la Arizona, usiku wa Jumamosi tarehe 1 Aprili. Kwetu Dar es Salaam ilikuwa alfajiri ya Jumapili, na muuza kahawa alikuwa akipita barabarani akigonganisha vikombe vyake mchezo ulipofikia dakika zake za mwisho. Oregon, iliyokuwa bingwa wa mashindano haya ya vyuo yalipochezwa mara ya kwanza mwaka 1939, ilikuwa imerudi katika nusu fainali baada ya miaka 78. Mbele yake ilisimama North Carolina ya kocha Roy Williams, ambaye maisha yake yote ya ukocha aliwafundisha vijana wake kuifuata ribaundi ya ushambuliaji kama mwindaji anavyofuata damu. Sekunde 5.8 zilibaki. North Carolina iliongoza 77 kwa 76, na mtu wake, Kennedy Meeks, alisimama kwenye mstari kutupa mitupo miwili huru.

Msomaji na aizingatie sheria hapa. Katika mtupo huru walinzi ndio wanaopewa nafasi za karibu kabisa na kikapu. Tena wanaruhusiwa kusimama wanne pembeni mwa eneo hilo ambapo washambuliaji hawazidi wawili. Yaani sheria yenyewe imekwisha kuwafanyia nusu ya kazi ya kuboksi. Wamewekwa ndani na wapinzani wao wamewekwa nje. Lililobaki ni hatua moja ya kando na mgongo mmoja.

Meeks alikosa mtupo wa kwanza. Akakosa wa pili. Mpira ulipogonga ringi, Theo Pinson alipenya akaugusa kwa ncha za vidole na kuurudisha nyuma kwa wenzake. Oregon hawakuwa na budi kufanya faulo. Sekunde nne zikabaki, na Joel Berry akasimama kwenye mstari. Naye akakosa wa kwanza, akakosa wa pili. Mitupo minne huru, yote imekosa kikapu, na kila mara Oregon walihitaji kitu kimoja tu: kuudaka mpira ule na kukimbia. Safari hii ni Meeks mwenyewe aliyeinuka juu ya walinzi akaukamata, na muda ukaishia mikononi mwa North Carolina. Siku mbili baadaye timu hiyo iliishinda Gonzaga 71 kwa 65 ikawa bingwa.

Aliyelia kuliko wote ni Jordan Bell wa Oregon, kijana ambaye usiku ule alikuwa amekusanya ribaundi 16, kupita mtu mwingine yeyote uwanjani. Alisimama mbele ya waandishi wa habari akajitwika lawama yote, akisema ya kwamba ni yeye ambaye hakuboksi katika mara zile mbili. Sikubaliani na wale waliomwona kuwa ndiye aliyeikosesha timu yake fainali, maana bila ya ribaundi zake 16 Oregon isingefika sekunde 5.8 ikiwa na upungufu wa pointi moja. Lakini namheshimu kwa kuwa alilitambua jambo lenyewe kwa jina lake. Hakusema kwamba hakuruka vya kutosha. Hakuwasingizia waamuzi. Alisema hakumzuia mtu wake.

Kuna dhana iliyoenea ya kwamba ribaundi ni zawadi ya urefu, na kumbukumbu za vyuo vya Marekani haziiungi mkono sana. Aliyekusanya ribaundi nyingi kuliko wanaume wote katika daraja la kwanza la vyuo ni Tom Gola wa La Salle, 2,201 kati ya mwaka 1951 na 1955, naye alikuwa na kimo cha mita 1.98 tu. Ribaundi 51 katika mchezo mmoja zilikusanywa na Bill Chambers wa William & Mary tarehe 14 Februari 1953, mtu wa mita 1.93. Zama hizo zilikuwa na mitupo mingi iliyokosa kikapu, hilo ni kweli, lakini warefu waliokuwapo waliiona mipira ile ile. Dennis Rodman, aliyetoka katika chuo kidogo cha Southeastern Oklahoma State, hakupita mita 2.01, na baadaye aliongoza ligi ya kulipwa kwa ribaundi miaka saba mfululizo, 1992 mpaka 1998. Kwa upande wa wanawake, Courtney Paris wa Oklahoma alifikisha 2,034.

Na yupo wa kwetu kwa lugha. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, katika mji ambao Kiswahili husikika sokoni, shuleni na barabarani, akaenda Marekani angali kijana, akacheza kwanza West Virginia kisha Kentucky. Msimu wa 2021–22 alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa kila mchezo, na tarehe 22 Desemba 2021, mbele ya watu wa Lexington, aliokota ribaundi 28 dhidi ya Western Kentucky. Akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, tuzo iitwayo kwa jina la James Naismith, yule mwalimu aliyeubuni mchezo huu huko Springfield, Massachusetts, mwezi wa Desemba 1891 kwa kupigilia vikapu vya matunda katika roshani ya ukumbi wa mazoezi. Amtazamaye Tshiebwe akicheza huona kwanza kifua na mikono. Akirudia kutazama, ataona miguu. Mpira ungali hewani, naye amekwisha kuteremsha makalio yake, amekwisha kumsukasuka mtu wake nusu hatua, amekwisha kuumiliki mraba mdogo wa sakafu ambao baadaye ndio utakaokuwa chini ya mpira.

Hata hivyo, Machi 2022, Kentucky ilitolewa katika mzunguko wa kwanza na chuo kidogo cha Saint Peter's, 85 kwa 79 baada ya dakika za nyongeza, hali Tshiebwe ameondoka na pointi 30 na ribaundi 16. Namtaja katika kushindwa kwake kwa sababu kuboksi si kazi ya mtu mmoja hodari na mchezo hauamuliwi na kazi hiyo peke yake. Watano wakiwa uwanjani, migongo minne mizuri na mmoja mvivu ni sawa na nyumba yenye milango minne iliyofungwa na mmoja uliosahauliwa. Mwizi hahesabu iliyofungwa.

Wapo makocha, tena si wajinga, wanaoona ya kwamba kufundisha kuboksi kwa ukali kumepitwa na wakati. Husema wachezaji wa leo ni wepesi na warukaji, basi waachwe waufuate mpira, kwani anayemshughulikia mtu huchelewa kuufikia mpira. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Timu yenye warukaji watano bora kuliko wote uwanjani huweza kuishi hivyo kwa muda, na mgongo usiogeuka kuutafuta mpira katika sekunde ya mwisho ni mgongo wa bure. Lakini timu za namna hiyo ni chache mno, na katika vyuo vingi tofauti ya vipaji baina ya wachezaji ni ndogo kuliko tofauti ya adabu yao. Tom Izzo wa Michigan State, aliyetwaa ubingwa mwaka 2000, alifikia hatua ya kuwavika vijana wake mavazi ya kinga ya mchezo wa futiboli ya Kimarekani, mabega ya plastiki na kofia ngumu, ili wazoee kugongana miili katika mazoezi ya ribaundi bila ya kuogopa. Ni Michigan State hiyo hiyo, ya mazoezi hayo, iliyoitoa Connecticut ya Thabeet katika nusu fainali mjini Detroit mnamo Aprili 2009, 82 kwa 73.

Kuhusu Thabeet mwenyewe haki inataka neno moja zaidi. Mwenye kipaji cha kupangusa mitupo ana mtihani ambao wengine hawana: mpira unapotupwa, kipaji chake humwita aukimbilie, na akiukimbilia humwacha mtu wake peke yake mbele ya kikapu. Akifanikiwa kuupangusa, uwanja mzima hushangilia. Asipoufikia, yule aliyeachwa huiokota ribaundi pasipo upinzani, na lawama haijulikani ni ya nani. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka kumi na mitano, kisha baada ya miaka michache tu akawa mlinzi bora wa Big East, alikuwa bado anajifunza kuchagua baina ya miito hiyo miwili, na usiku wa Hartford alikutana na mtu ambaye hakuwa na mwito ila mmoja. Ushindi wa Blair haumpunguzii Thabeet heshima ya kuwa Mtanzania wa kwanza kufika alipofika.

Linalonisikitisha katika mambo haya yote ni daftari. Vyuo vya Marekani vilianza kuihesabu ribaundi rasmi katika takwimu za taifa msimu wa 1950–51, na tangu hapo ribaundi ina mwenyewe: imeandikwa, imejumlishwa, imetangazwa. Lakini mara nyingi anayeudaka mpira si yule aliyefanya kazi. Kijana mmoja amemzuia jitu kwa mgongo, akasukumwa, akapigwa viwiko vya mbavu, hakusogea. Mpira ukaangukia mikononi mwa mwenziwe aliyekuwa amesimama huru hatua mbili kando. Karani huandika jina la mwenziwe. Katika daftari rasmi la mchezo wa vyuo hapana safu ya yule wa kwanza. Ligi ya kulipwa ya Marekani ilianza kuhesabu kuboksi katika msimu wa 2017–18. Daftari rasmi la vyuo, ambako ndiko vijana wanakofundishwa, halijaiga.

Nawasihi basi wanaosimamia mashindano ya vyuo vyetu hapa Afrika Mashariki, ambapo meza ya karani ni ya watu wawili au watatu na kalamu zao, wasingoje mfano kutoka ng'ambo. Daftari lenyewe bado ni la kupigiwa mistari kwa mkono. Safu moja zaidi haigharimu kitu. Juu ya safu hiyo liandikwe neno Boksi, na kila kijana aliyemzuia mtu wake mpaka mpira ukaangukia mkono wa timu yake, hata kama mkono huo si wake, apigiwe alama moja, na mwisho wa mchezo alama hizo zisomwe kwa sauti pamoja na pointi.